Kuchagua mashine ya ECG ya kubebeka kwa matumizi ya hospitali: mwongozo kamili

Mgonjwa akifika na maumivu ya kifua, miongozo ya tiba ya moyo inataka awe amepimwa ECG ya lidi 12 (kipimo cha umeme wa moyo), na mchoro wake uwe umesomwa, ndani ya dakika 10. Dakika hizo huanza kuhesabiwa pale anapokutana na mhudumu wa kwanza. Humo ndani kuna kuisaka mashine iliko, kuileta kitandani, kuiwasha, kumfunua mgonjwa kifua, kumfuta jasho, kubandika elektrodi 10, kumtuliza asitetemeke, kuchapa, na kumfikishia daktari karatasi mkononi. Zipange kazi hizo kwenye saa, utaona hakuna hata dakika moja ya kuchezea.

Hesabu hiyo ndiyo ninayoitumia kuipima kila sifa iliyoandikwa kwenye vipeperushi vya wauzaji. Je, sifa hii inaokoa muda kando ya kitanda? Inafanya mchoro uaminike zaidi? Itaendelea kufanya hivyo baada ya miaka mitano? Sifa isiyojibu hata swali moja kati ya hayo haistahili kulipiwa. Nimezitumia mashine hizi miaka mingi na kuzifungua zilipoharibika, na nyingi nilizozikuta zimelala kabatini zilinunuliwa kwa sababu ya skrini yake.

Tuelewane kwanza juu ya maneno mawili. Elektrodi ni kile kipande kinachogusa ngozi. Lidi ni pembe ambayo mashine huutazamia moyo, na hupatikana kwa kulinganisha umeme wa elektrodi mbalimbali. Elektrodi 10, yaani 4 za mikononi na miguuni na 6 za kifuani, huzaa lidi 12. Muuzaji akikuambia mashine yake ina elektrodi 12, muulize maswali zaidi.

Hatua ya 1: Andika kazi kabla ya kufungua katalogi

Chukua karatasi, kaa na muuguzi wa idara ya dharura, daktari anayesoma michoro, na fundi wa vifaa tiba. Watatu hao wasipokaa pamoja, kila mmoja atanung'unika kivyake baadaye. Andikeni mashine itakaa wapi na itatembea hadi wapi, itapima wagonjwa wangapi kwa siku, nani ataitumia usiku, nani atasoma mchoro, na karatasi itaishia kwenye faili la mgonjwa au kwenye kompyuta. Andikeni pia kama kuna watoto wachanga, kama kuna wagonjwa wenye pesimeka (kifaa kilichopandikizwa mwilini kuendesha mapigo ya moyo), na kama umeme hukatika.

Majibu yatawashangaza. Wodi inayopima wagonjwa watatu kwa siku haihitaji mashine ileile ya idara ya dharura. Kliniki ya maandalizi ya upasuaji inahitaji kasi ya kuingiza majina na kuhifadhi kumbukumbu. Gari la wagonjwa linahitaji mashine isiyoogopa mtikisiko.

Hatua ya 2: Amua "kubebeka" maana yake nini kwako

Mwanzoni mwa karne ya 20, Willem Einthoven alitengeneza galvanometa yake ya uzi, kifaa cha kupima umeme mdogo wa moyo, huko Leiden, Uholanzi. Mashine ile ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, ikihitaji watu watano kuiendesha, na mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu kwenye vyombo vya maji ya chumvi. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Nobel mwaka 1924. Lidi zake tatu, I, II na III, ndizo zilezile zinazotangulia kwenye mchoro wa mashine unayoweza kuibeba leo kwapani.

Siku hizi neno kubebeka linavishwa vifaa vya aina nyingi. Kuna vya mkononi, vya lidi moja, ambavyo mtu hushika kwa vidole. Hivyo vinasaidia kunasa mapigo yasiyo na mpangilio, lakini havionyeshi ni ukuta gani wa moyo unaokosa damu, kwa hiyo haviwezi kuchukua nafasi ya ECG ya lidi 12 hospitalini. Kuna vipokezi vidogo vinavyotuma mchoro bila waya kwenye tableti au kompyuta. Ni vyepesi na vizuri, ila sasa umekuwa na vitu viwili vya kuchaji, viwili vya kupotea, na programu ya kusasisha. Na kuna mashine kamili, kilo 1 hadi 5 hivi, yenye skrini, printa na betri yake ndani.

Kwa hospitali nyingi napendekeza hii ya tatu, ikiwa imewekwa juu ya toroli ambayo inaweza kuchomolewa. Toroli huipa mashine makao: kebo ina pa kuning'inia, elektrodi na karatasi zina droo, na kila mtu anajua iko wapi. Siku ya kwenda ghorofa nyingine au kumsindikiza mgonjwa, unaichomoa na kuondoka nayo. Monita ya kando ya kitanda nayo si mbadala, hata kama inaonyesha mawimbi mazuri. Sababu iko kwenye hatua inayofuata, na hiyo usiiruke.

Hatua ya 3: Uchunguze mchoro, kwa kuwa ndio unaoununua

Lidi zote 12 zinaswe kwa wakati mmoja. Idadi ya njia za printa ni jambo tofauti. Mashine ya njia 3 huchapa lidi tatu tatu kwenye karatasi nyembamba, ya njia 12 huchapa zote kwenye karatasi pana. Njia 3 inatosha mahali pa wagonjwa wachache, mradi mashine imenasa zote 12 kwa pamoja na inaweza kuzichapa tena kutoka kwenye kumbukumbu. Katika idara ya dharura, ukurasa mzima unaosomeka kwa mtazamo mmoja una faida kubwa, kwa hiyo hapo sibani matumizi.

Sasa vichujio, yaani sehemu ya mashine inayozuia mawimbi yasiyotakiwa. Mashine ya uchunguzi kwa mtu mzima inatakiwa kupitisha mawimbi ya Hz (mizunguko kwa sekunde) 0.05 hadi 150, na kwa watoto juu ipande hadi Hz 250. Kikomo cha chini kikipandishwa hadi Hz 0.5, kama zifanyavyo monita nyingi, mstari wa msingi hutulia na mchoro unapendeza, lakini kipande cha ST, sehemu ya mchoro anayoitazama daktari kutafuta mshtuko wa moyo, kinaweza kupanda au kushuka kwenye karatasi wakati moyo wenyewe hauna tatizo hilo. Mtu anaweza kukimbiziwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa sababu ya kichujio. Kikomo cha juu nacho kikishushwa hadi Hz 40 ili kuondoa mitetemo ya misuli, vijino vidogo vya QRS (wimbi la vyumba vya chini vya moyo) hufutika na vilele hupungua kimo. Kwa hiyo taka mambo mawili: vichujio viweze kuzimwa kwa urahisi, na mashine ichape kwenye kila karatasi ni kichujio gani kilikuwa kimewashwa. Daktari anayesoma mchoro asubuhi hakuwepo usiku; karatasi ndiyo shahidi wake.

Kuna kichujio cha umeme wa ukutani pia. Gridi za nchi nyingi ni Hz 50, nyingine ni Hz 60, na mashine iliyotoka kiwandani ikiwa imewekwa kwa gridi isiyo yako itaacha mchoro wenye vinyweleo vizito. Kosa hilo hurekebishwa kwenye menyu kwa sekunde chache, mradi mtu ajue liko.

Kasi ya kuchukua sampuli isiwe chini ya 500 kwa sekunde kwa kila lidi. Misukumo ya pesimeka ni mifupi mno, kwa hiyo ukiwa na wagonjwa wa aina hiyo uliza jinsi mashine inavyoigundua na kama inaiwekea alama kwenye mchoro. Kasi ya karatasi ya mm 25 kwa sekunde ndiyo ya kawaida, na mm 50 iwepo. Kimo kiwe mm 10 kwa milivolti moja, na uweze kukishusha hadi 5 au kukipandisha hadi 20. Kila ukurasa uwe na alama ya kupimia ya milivolti moja pembeni.

Hatua ya 4: Soma alama za usalama kwa macho yako

Usikubali sentensi "imethibitishwa kimataifa." Omba vyeti, usome jina la modeli lililoandikwa humo, na ulinganishe na lile lililobandikwa nyuma ya mashine. Viwango vya kutafuta, vya tume ya kimataifa ya umeme (IEC), ni IEC 60601-1 kwa usalama wa vifaa tiba vya umeme, IEC 60601-1-2 kwa mwingiliano wa mawimbi, na IEC 60601-2-25 ambacho ni cha mashine za ECG zenyewe. Watu wengi huonyeshwa cheti cha ISO 13485 na kuridhika. Cheti hicho kinazungumzia utaratibu wa ubora wa kampuni. Hakisemi kwamba modeli hii imepimwa na kufaulu. Na mashine iwe imesajiliwa na mamlaka ya vifaa tiba ya nchi itakakotumika.

Kando ya tundu la kebo ya mgonjwa tafuta mchoro wa moyo ndani ya kisanduku. Hiyo ni alama ya CF, daraja la juu zaidi la kumkinga mgonjwa na umeme unaovuja. Pande zote mbili za kisanduku kukiwa na alama za pedi za kushtua moyo, maana yake mashine inavumilia mgonjwa kushtuliwa akiwa bado ameunganishwa. Kinga hiyo mara nyingi haiko ndani ya mashine peke yake. Sehemu yake ni vizuizi vya umeme vilivyofichwa ndani ya kebo. Ndiyo maana kebo ya bei rahisi isiyo na vizuizi hivyo inaweza kuonekana sawa kabisa, ikachora vizuri, kisha ikaiacha mashine ikiungua siku ya kwanza ya kushtua moyo.

Hatua ya 5: Kebo, elektrodi na karatasi

Kebo ndiyo hukatika kwanza. Hukunjwa, huburutwa, hupitiwa na gurudumu la kitanda. Nunua ya pili siku ileile unayonunua mashine, na uulize kama nyaya zake zinabadilishwa mmojammoja au kebo nzima hutupwa. Nyaya za kubadilishwa zina viungio zaidi vinavyoweza kulegea, lakini hazikulazimishi kununua kebo nzima kwa sababu ya waya mmoja wa kifuani. Mimi huzichagua hizo.

Rangi za nyaya zinastahili aya yao. Kuna mifumo miwili. Katika mfumo wa IEC, nyekundu ni mkono wa kulia, njano mkono wa kushoto, kijani mguu wa kushoto, nyeusi mguu wa kulia. Katika mfumo wa Marekani, nyeupe ni mkono wa kulia, nyeusi mkono wa kushoto, nyekundu mguu wa kushoto, kijani mguu wa kulia. Nyekundu, nyeusi na kijani zimo katika mifumo yote miwili, kila moja mahali tofauti. Hospitali yenye mifumo yote miwili inawategea wauguzi wake mtego, hasa usiku. Chagua mmoja, uandike kwenye mkataba, na ukatae kebo yoyote ya rangi nyingine hata ikitolewa bure.

Elektrodi ziko za vibano na vikombe vya kufyonza, na ziko za kubandika na kutupa. Vibano na vikombe hutumika tena na tena, kwa hiyo ni nafuu, lakini lazima visafishwe baada ya kila mgonjwa, na kazi hiyo hurukwa wagonjwa wakiwa wengi. Vikombe huacha alama kwenye ngozi, huanguka kwenye kifua chenye nywele, na jeli ikipakwa kwa wingi huunganisha elektrodi jirani hadi lidi za kifuani zikafanana. Za kubandika ni safi na hushika vizuri, ila zina tarehe ya mwisho, hukauka pakiti ikiachwa wazi, na ni gharama isiyokoma. Mashine nzuri hukuruhusu kutumia aina zote mbili kwa kubadilisha vishikio tu. Zikiisha za kubandika, kazi haisimami.

Karatasi inayoandikwa kwa joto nayo iangaliwe. Uliza upana wake, kama ni ya kukunjwa au ya kuviringishwa, na muhimu kuliko yote, kama inauzwa na zaidi ya mtu mmoja. Baadhi ya mashine huchapa miraba yenyewe na hukubali karatasi tupu. Nyingine hudai karatasi maalumu yenye alama ya pembeni, na bila hiyo hugoma. Maandishi ya joto hufifia yakipata jua, joto au kileo cha kusafishia mikono, na hata yakihifadhiwa ndani ya mifuko ya plastiki ya PVC. Mchoro unaotakiwa kudumu utolewe nakala au uhifadhiwe kwenye kompyuta.

Hatua ya 6: Betri

Usiulize betri inakaa saa ngapi. Uliza inachapa michoro mingapi ikiwa imejaa, inajaa kwa muda gani, na kama mashine hufanya kazi ikiwa inachajiwa huku betri imekufa. Kisha uliza inavyobadilishwa. Betri ya lithiamu huzeeka hata isipotumika, kwa hiyo itabadilishwa tu. Kama fundi wako anaweza kuitoa kwa bisibisi moja, vema. Kama mashine lazima irudi kiwandani, hapo una tatizo.

Betri ina faida nyingine isiyotajwa kwenye vipeperushi. Mchoro ukijaa vinyweleo vya umeme, ichomoe mashine ukutani uchape tena. Vikitoweka, umejua vinakoingilia.

Hatua ya 7: Usomaji wa mashine yenyewe

Mashine nyingi huchapa juu ya karatasi vipimo na maneno ya tafsiri. Vipimo vya PR, QRS na QT, yaani muda wa sehemu za pigo moja, vinasaidia sana. Maneno yasomwe kwa tahadhari: mtetemo wa mgonjwa wa Parkinson unaweza kuitwa mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo, na mshtuko wa moyo wa kweli unaweza kupita bila kutajwa. Daktari ausome mchoro, kila mara. Hakikisha programu hiyo inauliza umri na jinsia, ina hesabu za watoto, na inaweza kuzimwa mahali ambapo walimu hawataki wanafunzi waisome kabla ya mchoro. Bei ikitofautiana sana kati ya modeli yenye tafsiri na isiyo nayo, na daktari yupo saa zote, chukua isiyo nayo na uzihamishie fedha kwenye kebo na elektrodi.

Hatua ya 8: Kumbukumbu na mtandao

Kwa uchache mashine itoe PDF kupitia USB. Hospitali yenye mfumo wa kompyuta iulize kuhusu DICOM, HL7 au SCP-ECG, ambayo ni miundo ya kubadilishana data za tiba, na ijaribu kutuma mchoro halisi kwenye mfumo wake kabla ya kusaini. Ahadi ya "itaunganishwa baadaye" usiipokee. Uliza pia kama utalipia leseni kila mwaka, na kama majina ya wagonjwa hupita kwenye seva ya nje.

Saa ya mashine iwe sahihi na isirudi nyuma betri ikiisha. Michoro miwili ya mgonjwa mmoja hulinganishwa kwa muda. Saa ikidanganya, ulinganisho wote umeharibika.

Hatua ya 9: Ijaribu kitandani

Omba mashine ikae kwako angalau wiki moja. Muuzaji anayekataa amekwisha kukujibu. Mpe mashine muuguzi ambaye hakuhudhuria maonyesho ya muuzaji, umwombe apime ECG bila kusaidiwa, nawe ushike saa. Anza kuhesabu mashine ikiwa imezimwa. Angalia anapokwama: je, mashine inamlazimisha kuandika jina lote kabla ya kuchapa? Katika dharura lazima kuwe na kitufe kimoja cha kuchapa kwanza na kujaza jina baadaye.

Kisha ifanyie makusudi. Mwombe mfanyakazi mwenzako alale, badilisha waya za mikono ya kulia na kushoto, uchape. Lidi I itapinduka. Mashine nzuri itakuonya. Chomoa elektrodi moja ya kifuani uone kama itaitaja ni ipi au itaandika tu kwamba kuna hitilafu. Mwambie akaze misuli ya mikono. Ipeleke karibu na pampu za dawa na vitanda vya umeme. Mpime mtu mwenye nywele nyingi kifuani, na mzee mwembamba ambaye ngozi yake ni kavu. Futa skrini na kebo kwa dawa mnayoitumia kila siku, mara nyingi, uangalie kama maandishi ya vitufe yanachubuka. Mwisho, isomeni skrini dirishani kwenye mwanga mkali na usiku wodini taa zikiwa zimepunguzwa.

Mpeni daktari michoro ya mashine zote zinazoshindana, majina ya modeli yakiwa yamefunikwa, achague anayoipenda kuisoma. Zoezi hili limebadilisha uamuzi wangu zaidi ya mara moja.

Hatua ya 10: Mkataba

Linganisha gharama ya miaka yote ya matumizi: mashine, toroli, kebo, elektrodi, karatasi, betri na matengenezo, ukizidisha kwa idadi ya wagonjwa uliyoandika hatua ya kwanza. Mashine ya bei ya chini yenye karatasi ya muuzaji mmoja huipita ile ya bei ya juu mapema kuliko unavyodhani. Bei za vipuri ziandikwe na zifungwe kwa muda maalumu. Kitabu cha matengenezo na nywila za menyu ya fundi zikabidhiwe pamoja na mashine. Niliwahi kusubiri miezi mingi, mashine nzima ikiwa mezani, kwa sababu ya nywila ambayo muuzaji alikuwa nayo peke yake. Andika pia nani atafundisha zamu ya usiku, na kama mtaazimwa mashine nyingine yenu ikiwa matengenezoni.

Hatua ya 11: Siku ya kuipokea

Usisaini kabla ya kupima. Fundi apime umeme unaovuja kwa kufuata IEC 62353. Chapa alama ya milivolti moja. Kwa kipimo cha kawaida iwe na kimo cha mm 10 kamili. Unganisha kifaa cha kuigiza mapigo kilichowekwa mapigo 60 kwa dakika, chapa kwa mm 25 kwa sekunde, na upime kwa rula: kutoka R hadi R (kilele cha pigo moja hadi cha linalofuata) iwe mm 25, na mapigo kumi yajaze mm 250. Weka tarehe, saa, lugha, Hz za gridi na vichujio, kisha ufunge mipangilio hiyo kwa nywila.

Mpime mfanyakazi mmoja mwenye afya, kwa ridhaa yake, bila kuandika jina. Mchoro huo utoe nakala, uandike juu yake namba ya mashine na tarehe, na uuhifadhi kwenye faili la mashine pamoja na vipimo vya fundi. Siku daktari akilalamika kwamba michoro imeanza kuwa ya ajabu, fungua faili hilo, chapa mwingine kwa mipangilio ileile, na uziweke karatasi mbili hizo kando kwa kando.